Sura ya Tisa: Rangi Nane Ndani ya Plagi

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kulifunga jalada kichwani mwake; kilichobaki ni karatasi tu. Alilisukuma mezani kwa vidole viwili kuelekea kwa Inspekta, akasema mchana wa leo litakwenda kwa mwendesha mashtaka na fundi wa mtandao atakwenda nalo, na kwamba asingependa kusikia neno "kwa nini" kabla ya chakula.

Alilisema hilo kwa makusudi. Kituoni kote Inspekta aliitwa Kwanini, na yeye alilijua jina hilo ingawa askari wadogo waliamini halijui. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiyekimbia mahali popote, mwenye ubishi wa mtu aliyelelewa na mashangazi watatu ndani ya nyumba moja. Alilivuta jalada lakini hakulifungua, kwa kuwa yaliyomo alikuwa ameyakariri.

Mambo yenyewe, kwa jinsi Mkuu alivyoyapenda, yalikuwa mepesi. Hospitali ya wazazi ilipokea mashine mbili mpya za altrasaundi, zile za kumtazamia mtoto tumboni, zikawekwa stoo zikisubiri kufunguliwa. Jumamosi mchana kamera ya ujia wa stoo ilizimika, ikarudi jioni. Jumatatu stoo ilipofunguliwa mashine hazikuwepo. Mlango haukuvunjwa, lakini funguo za stoo hutundikwa ubaoni, na yeyote wa kazini angeweza kuuazima mmoja bila kuaga. Kamera zote za hospitali zinaishia chumba cha seva, na chumba hicho kina ufunguo mmoja tu, unaoning'inia shingoni mwa fundi aliyezifunga kamera zenyewe. Jumamosi hiyo fundi alikuwa zamu. Alisema alishinda ofisi ya kumbukumbu akipigana na printa, peke yake, na printa haiitwi mahakamani.

"Kwa nini ilizimika nusu siku?" Inspekta aliuliza.

Mkuu akashusha pumzi ndefu.

"Kubeba mashine mbili ni kazi ya muda wa kunywa chai, afande. Mwizi angeizima, akabeba, akaiwasha. Huyu aliiacha gizani mpaka jioni, kila anayepita karibu na skrini aone. Kwa nini ajitangaze?"

"Kwa sababu ni mwizi, Inspekta. Si saa ya ukutani."

Kulikuwa na jambo la pili. Tangu iliporudi, picha ya kamera hiyo ilikuwa inakwamakwama: muuguzi anaonekana huku, mara yuko kule, katikati amemezwa. Mkuu alikuwa na jibu la hilo pia. Alisema fundi alinunua kebo ya bei ya kutupa, ile ya alumini iliyopakwa rangi ya shaba juu, na chenji akaila. Anayeiba kwenye kebo, kwa maoni ya Mkuu, hashindwi kuiba mashine. Inspekta alijiuliza ni kebo gani mbovu inayofanya kazi safi mwaka mzima na kuanza ubovu Jumamosi ya wizi, lakini swali hilo alilimeza. Aliomba apewe mpaka mchana. Mkuu alimpa kama mtu anavyompa mtoto pipi ili anyamaze.

Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa dada wa fundi. Alikuwa fundi cherehani, aliyemzidi mdogo wake miaka mingi, na ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Kila asubuhi alileta chakula, akakipitisha kaunta, akarudi kukaa palepale. Alikuwa amemweleza Inspekta kwamba wateja wawili wa mdogo wake walishapiga simu kuvunja kazi, na wa tatu hata hakupiga, alimtuma mtu achukue funguo zake. Mwanasheria anaweza kumtoa mtu mahabusu, alisema, lakini hamtoi midomoni mwa watu. Fundi anaingia majumbani na maofisini mwa wenzake kwa jina tu. Jina likioza, hata koleo zake hazina kazi.

"Leo?" dada aliuliza.

"Leo," Inspekta akajibu, na moyo ukamshuka kidogo kwa kusikia alivyoahidi.

Kabla ya kuondoka alipita mahabusu. Fundi alikuwa kijana mwembamba ambaye hasira ilikuwa imemwishia, akabaki na uchovu. Alirudia aliyokwisha kuyasema na ambayo hakuna aliyeyaandika. Kebo ya kamera ile haiendi moja kwa moja hadi seva. Inatoka seva kupitia ukutani, inaingia kwenye kiboksi cha soketi juu ya dari, pale ujia unapoanza. Kutoka kwenye kiboksi, kebo nyingine ndefu inakwenda juu ya dari mpaka kwenye kamera, mwisho wa ujia, ikiwa na plagi kila ncha. Mwenye ngazi anaweza kuchomoa plagi pale juu bila kufika seva.

"Na mimi, mama," alimalizia, "kama ningetaka kuizima, ningeizima nimekaa kwenye kiti changu. Ngazi ya nini?"

Hospitalini, Inspekta alikabidhiwa kwa mkuu wa matengenezo. Hospitali nzima ilimwita Injinia, naye aliitika. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, sauti ya kubembeleza. Aliileta ngazi mwenyewe, akaishika mwenyewe, akamwonya Inspekta kuhusu vumbi kwa upole wa mkwe. Mambo ya mtandao hakuyajua, alisema. Yeye ni mtu wa mabomba na taa.

Inspekta alianza na kamera nyingine, kwa sababu ili ujue kibaya kilivyo ni lazima kwanza uone kizuri. Alipanda, akasogeza kipande cha dari, akamulika tochi. Nyuma ya kila kamera alikuta mtindo mmoja: kebo imebakizwa mzunguko mmoja wa akiba, umefungwa kwa kamba laini, na plagi imevishwa kofia yake ya mpira. Mkono huo ulikuwa wa mtu anayefikiria kesho. Halafu akaenda kwenye kamera ya stoo. Hapo hapakuwa na mzunguko wa akiba wala kofia. Kebo ilikuwa imekazwa kama kamba ya nguo, imefika kwenye kamera kwa shida.

Akahamia kwenye kiboksi, mwanzo wa ujia. Huko nako plagi ilikuwa uchi, bila kofia. Alipapasa juu ya mbao za dari, vumbi likampanda puani, na vidole vyake vikagusa kitu kidogo chenye pembe. Kilikuwa plagi kuukuu yenye kofia ya mpira na kipande kifupi cha kebo nyuma yake, kilichokatwa kwa koleo. Ule ulimi mdogo wa plastiki unaoifanya plagi ing'ang'anie tunduni ulikuwa umekatika. Aliitia kwenye bahasha ya vielelezo, bahasha akaitia kifuani, na alipopiga chafya Injinia alimwombea afya kutoka chini.

Alikuwa amekuja na testa ya fundi ya kupimia kebo, ile ya vipande viwili vyenye taa nane, moja kwa kila waya, iliyotolewa kwenye mkoba wake wa kazi. Kipande kimoja kilichomekwa ncha hii, kingine ncha ile. Taa zikawaka kwa zamu, moja hadi nane, za kijani zote.

"Kebo nzima hiyo, afande," Injinia alisema. "Ubovu uko kwa yule kijana, kwenye seva yake. Nilisema tangu mwanzo."

Inspekta alimshukuru. Kisha, kwa ruhusa ya Metroni, muuguzi mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa bibi mwenye nyumba wa hospitali ile, alikata plagi zote mbili za kebo hiyo, kila moja na kipande cha kebo nyuma yake, akazitia bahasha mbili na kuziandika. Injinia alitazama kukata huko, akaanza kukunja ngazi kabla hajaombwa. 

Duka la shemeji yake Inspekta lilikuwa mtaa wa tatu kutoka hospitali. Alimwoa mdogo wake Inspekta, na tangu siku ya posa hawakuwahi kuongea sentensi mbili bila kuchokozana. Aliuza kebo, swichi na kamera, na kaunta yake ilikuwa imejaa vipande vya nyaya vya kila rangi.

"Shemeji wa serikali," alisema alipomwona, "leo umekuja kununua au kukamata?"

"Kununua? Hujawahi kuniuzia kitu kizima. Vaa miwani, nina kazi."

Alianza na kebo, kwa sababu tuhuma ya Mkuu ilianzia hapo. Shemeji alichukua kipande kimoja, akakipima mkononi, akachuna waya mmoja na kuukwangua kwa wembe. Ulikuwa mwekundu juu, mwekundu na ndani. Akachukua waya mwingine kutoka kwenye boksi la chini ya kaunta, ambalo alikiri kuliuza kwa wateja wabishi tu, akaukwangua vilevile. Huo chini ya wekundu wake ulikuwa mweupe, na alipoukunja mara chache ukakatika kama kijiti cha kiberiti.

"Hiyo yako ni shaba tupu," alisema. "Aliyeinunua alilipa, na aliumia kulipa. Kwa safari ndefu kama hiyo, tena kamera inayokula umeme kupitia kebo hiyohiyo, hakuna mwenye akili anayeweka alumini. Huyo fundi wenu hana njaa."

Inspekta alifurahi, akaficha. Tuhuma moja ilikuwa imekufa. Lakini kifo chake kilileta swali gumu zaidi: kama kebo ni nzuri na taa zote nane zinawaka, kwa nini picha inakwama?

Alipanga zile plagi tatu juu ya karatasi nyeupe. Kwanza ile kuukuu yenye ulimi uliokatika. Ndani ya plastiki angavu nyaya nane zilijipanga waziwazi, na shemeji alizisoma kwa ncha ya bisibisi kama mwalimu anavyosoma ubao. Ndani ya kebo kuna jozi nne, alieleza, chungwa, kijani, buluu na kahawia, na kila rangi imesokotwa na pacha wake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyohiyo. Kwenye plagi hii chungwa na pacha wake wametangulia wakiwa bega kwa bega, kahawia na pacha wake wamemalizia, kijani na pacha wake wamewapisha buluu katikati. Ndio mpangilio wa mafundi wa mtandao. Hata yeye akiamshwa usingizini angeupanga hivyo.

Kisha akazitazama zile mbili nyingine. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hizi kabana nani?"

"Ndiyo ninalotaka kujua."

"Buluu wawili katikati. Chungwa mmoja kila upande wao. Nje yao kijani, mmoja huku mmoja kule. Na kahawia pembeni kabisa, wametengana kama wanandoa waliogombana. Zote mbili hivyohivyo." Alinyamaza kidogo. "Shemeji, huyu si mtu wa mtandao. Wala si mtu asiyejua kazi, maana nyaya zimenyooka, hakuna uliopita mwenzake. Huyu ni mtu wa simu. Simu za zamani za mezani zilipangwa hivi, kutoka katikati kwenda nje."

Inspekta aliketi kwenye boksi la kebo. Aliomba aelezwe taratibu, kama anaelezwa mtoto, na shemeji hakuacha nafasi hiyo ipite bila kusema kwamba muda wote alijua anaongea na mtoto. Lakini alieleza vizuri. Kwenye mtandao, tundu la kwanza na la pili hufanya kazi pamoja, ndiyo maana hupewa mapacha waliosokotwa, na kule kusokotwa ndiko kunakowakinga na kelele za majirani. Kwa mpangilio wa simu, tundu la kwanza lina kahawia na la pili lina kijani. Wanaotakiwa kushirikiana hawajasokotwa pamoja, kila mmoja anasikia maneno ya jozi nyingine, na kebo ikiwa ndefu ujumbe unafika umechanganyika. Testa ndogo haigundui hilo. Yenyewe huuliza swali moja tu: waya wa kwanza umefika kwa wa kwanza? Umefika. Basi inawasha taa.

"Nionyeshe," alisema Inspekta. "Au nitafanya mwenyewe."

Akafanya mwenyewe. Alichuna ganda la kebo kwa urefu wa kidole gumba, akasokotoa jozi kidogo tu kama alivyoagizwa, akazinyoosha, akapanga rangi kwa mtindo wa simu, akazikata ncha sawasawa na kuzisukuma ndani ya plagi mpaka kila moja ikagusa ukuta wa mbele. Akaibana kwa koleo maalumu. Ya kwanza ilitoka vibaya. Alikuwa amesahau kuingiza ganda la nje ndani ya plagi, na shemeji aliivuta ikamwachia nyaya mkononi, akacheka mpaka mteja mmoja akachungulia. Ya pili ilishika. Wakabana na ncha nyingine ya kebo ya boksi alilokalia, ndefu kuliko ujia wa hospitali, wakachomeka testa. Taa nane, kijani zote. Wakachomeka kamera ya dukani, na kwenye skrini mkono wa Inspekta uliokuwa ukipunga ukawa unaruka: huku, kule, katikati hakuna. Wakazikata ncha zote mbili, wakabana upya kwa mpangilio wa mtandao, na mkono ukapunga laini kama maji ya bomba.

Inspekta aliutazama mkono wake huo, na raha ikampanda toka miguuni. Hakuna raha inayoshinda ya kujua kitu chote kwa mara moja.

Sasa aliiona Jumamosi nzima. Mwizi alipanda ngazi, akaichomoa plagi kwenye kiboksi. Hakujua kuichomoa kwa upole chini ya kofia yake, akaivuta kwa nguvu, ulimi ukakatika. Akatoa mashine, akarudi kuchomeka, plagi ikaanguka kila alipoiachia. Ikiachwa hivyo, fundi angepanda kutazama, na angeona. Basi akaikata, akabana mpya kwa jinsi mkono wake ulivyozoea. Picha haikurudi, kwa sababu ncha moja sasa ilikuwa ya simu na nyingine ya mtandao. Akahangaika. Mwishowe akaenda kwenye kamera, akaikata na ncha ile, akaibana sawa na mwenzake, ndiyo maana akiba yote ikaisha na kebo ikakazika. Picha ikarudi, jua likiwa limekwisha kuteremka. Nusu siku yote ile ilikuwa ya kufuta kosa la ulimi wa plagi mdogo kuliko ukucha.

"Na fundi hawezi kuwa kajifanya mtu wa simu?" shemeji aliuliza. "Bosi wako atauliza hilo."

"Fundi angeizima akiwa kitini. Na anayetaka kuficha haachi picha inayokwama ili watu waje kuitazama."

Alimpigia simu Metroni papo hapo. Aliuliza swali moja: zamani, kabla ya mtandao, simu za mezani za hospitali nani alizifunga? Metroni hakuhitaji kufikiri. Alisema ni Injinia, hiyo ndiyo kazi iliyomleta hospitalini, mabomba na taa alipewa baadaye simu zilipokufa. Akaongeza, kwa wema wake wa kuongeza maneno, kwamba leo Injinia ana furaha ya pekee. Ule mtambo wa zamani wa simu uliokuwa ukijaza chumba cha chini, makabati mawili ya chuma, ameupatia mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori linapakia sasa hivi.

Daftari la lango halikuonyesha mzigo wowote uliotoka Jumamosi wala Jumapili, na tangu Jumatatu walinzi walipekua kila gari na kila mkoba, na mashine hazikutoka. Inspekta alikuwa amejiuliza wiki nzima kwa nini.

"Metroni, mwambie mlinzi lango lisifunguliwe mpaka nifike."

Siku hiyo, kwa ushahidi wa shemeji yake na wa muuza viatu wa jirani, Inspekta Kwanini alikimbia.

Lori lilikuwa limesimama pua yake ikigusa mnyororo wa lango. Dereva amezima injini, mlinzi amesimama katikati ya njia kwa fahari ya mtu aliyepewa amri kubwa, na Injinia ana kibali mkononi, kimeandikwa kila kitu na kutiwa saini yake mwenyewe. Alipomwona Inspekta alitabasamu, akalalamika kwa upole kwamba mnunuzi atakasirika. Metroni alikuwa amefika, na wauguzi wawili nyuma yake, na watu waliokuja kutazama wagonjwa wakaanza kusogea mmoja mmoja.

Inspekta alihema kwanza. Hakuona aibu ya kuhema. Kisha akaomba makabati yafunguliwe.

Injinia alisema funguo zake zilipotea miaka mingi iliyopita.

"Basi tutayafungua kwa shoka. Lakini kabla ya hapo nisaidie jambo moja, wewe ni mtu mzima wa kazi." Alitoa bahasha moja, ile yenye plagi iliyokatwa kwenye kiboksi asubuhi, akaishika angani. "Jumamosi mtu alikata plagi ya fundi pale juu ya dari, akabana hii. Kazi ya hovyo. Picha yote imeharibika. Kwa nini mtu aikate plagi nzima, aweke takataka kama hii?"

Uso wa Injinia ulibadilika, si kwa hofu, bali kwa kuchomwa. Alikuwa amebana plagi maisha yake yote na hakuna aliyewahi kuita kazi yake takataka mbele ya wauguzi.

"Haikuwa nzima," alisema. "Ilikuwa na ulimi uliokatika. Isingekaa pale hata..."

Akaishia hapo. Dereva akatoa kichwa dirishani.

Inspekta alitoa bahasha ya pili, ile ya kifuani, akaifungua polepole, akaweka kiganjani plagi kuukuu yenye kofia yake na ulimi wake uliokatika.

"Hii niliikuta kwenye vumbi, wewe ukiwa chini umeshika ngazi. Sijamwonyesha mtu wa hapa. Habari ya ulimi umeipata wapi, mzee wangu?"

Injinia alitazama lango, akatazama mnyororo. Askari aliyekuja na Inspekta asubuhi na kubaki hospitalini alimsogelea, na katika shada la funguo lililokuwa kiunoni mwake, ufunguo wa nne ulifungua kabati la kwanza bila hata kukwaruza. Ndani, mahali ambapo zamani zilikaa nyaya za simu za wodi zote, palikuwa na mablanketi ya hospitali. Metroni aliyavuta mwenyewe. Mashine mbili zilikuwa zimelala humo kama mapacha, nailoni zake bado juu, hata karatasi ya kiwandani haijabanduliwa.

Metroni alikaa chini palepale kwenye ngazi ya lori na kucheka, machozi yakimtoka. Aliwahesabia wauguzi kwa namba za vitanda akina mama wanaosubiri kupimwa, na wale wauguzi wakaanza kupiga makofi, na watu wa langoni wakafuata, wengine bila kujua wanapigia nini. Inspekta aliwaacha wapige. Aliona amestahili, na akajisemea hivyo.

Mkuu wa kituo, aliyekuwa amepigiwa simu na Inspekta, alifika na magari mawili. Aliangalia mashine, akaangalia Injinia aliyekwisha kufungwa pingu, akamsikiliza Inspekta toka kebo ya shaba mpaka ulimi wa plagi. Aliuliza swali lilelile la shemeji, akapewa jibu lilelile. Mwisho akasema kwamba kazi imefanyika vizuri, na kwamba yule kijana ataachiwa jioni, kimyakimya, kwa mlango wa nyuma, ili kusiwe na maneno.

"Hapana, afande," alisema Inspekta. "Yuko kwenye gari la pili. Nilimwomba sajini wa zamu amlete."

Fundi alishuka, mikono huru, akipepesa macho kwa mwanga. Dada yake alishuka nyuma yake. Alikuwa ameketi benchi lile siku zote hizo bila kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza. Alimshika mdogo wake mkono kama mtu anayemvusha barabara, akampeleka moja kwa moja mpaka ndani, kwenye ukumbi wa kusubiria, ambako akina mama wenye matumbo walijaa viti vyote na wengine wamesimama ukutani. Watu wa langoni wakaingia nyuma yao. Mkuu naye akajikuta ameingia, kwa sababu kila mtu alikuwa anaingia.

"Hapa ndipo ulipomtia pingu, afande," dada alisema. "Ulisema huyu ndiye mwizi wa akina mama. Ulisema kwa sauti."

Mkuu alikohoa. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kola yake, kwamba uchunguzi umekamilika na kijana hana hatia.

"Wa nyuma hawajasikia."

Mkuu alimtazama Inspekta, na Inspekta alikuwa ameshughulika sana kupangusa vumbi la dari kwenye mkono wa shati lake. Basi Mkuu wa kituo akanyoosha mgongo kama yuko gwaride, akavua kofia, na kwa sauti iliyofika mpaka wodi ya mwisho akasema kwamba fundi huyu hakuiba kitu, na kwamba aliyekosa ni yeye, Mkuu.

Dada aliuachia mkono wa mdogo wake.

"Sasa nenda kazini," alimwambia. "Kamera yao mbovu."